Stadi za Maisha Shuleni: Je, Mtoto wa Ziwani Tunamfundisha Kujiamini au Kukariri?



Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kwa muda wa miezi mitatu, hadi tarehe 15 Agosti. Lengo lilikuwa jema, nalo lilitokana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hili: kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana, ili watoto wetu nao wapate kuona mgebuka na dagaa kama tulivyowaona sisi. Lakini kwa familia nyingi za Kibirizi, Katonga, Ujiji na vijiji vya mwambao, miezi ile ilikuwa mirefu. Chanja za kuanikia dagaa zilibaki tupu, na taa za kuvulia zikakaa ndani ya nyumba hata wakati wa giza la mwezi.

Katika majuma yale niliingia kufundisha kipindi cha dini kwa watoto wa darasa la sita katika shule moja ya ufukweni. Niliwauliza swali ambalo halimo katika kitabu chochote: “Sasa baba haendi ziwani. Nyumbani mnafanyaje?” Mvulana mmoja akasimama na kujibu, “Tunangoja lifunguliwe, Padre.” Wa pili akajibu vivyo hivyo, na wa tatu. Kisha binti mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono nusu nusu. Akasema kwamba mama yake amekuwa akikaanga mihogo na kuiuza njiani, na kwamba yeye ndiye anayeandika hesabu katika daftari: ya mihogo, ya mafuta, ya kuni, na inayobaki. Akaongeza kwamba walipoona mafuta yanawamaliza, walianza kuchemsha badala ya kukaanga. Darasa zima likacheka.

Baada ya kipindi nilimsifu binti yule mbele ya mwalimu wake. Mwalimu, ambaye ni mtu mwema na mchapakazi, alishangaa kwa dhati. “Huyu, Padre? Huyu ni wa mwisho katika hisabati.”

Nimelifikiri jibu lile mara nyingi. Mtoto ameona tatizo, amelipima, amebadili mbinu, amemsaidia mzazi wake bila kukata tamaa. Na shule haina mahali pa kuyaandika hayo. Ndiyo maana mjadala unaoendelea nchini mwetu kuhusu kuingiza stadi za maisha na mtazamo chanya katika shule si jambo la wataalamu wa elimu peke yao. Ni jambo la wazazi, la walimu na la Kanisa.

Maana ya stadi za maisha

Neno lenyewe tumelisikia sana, pengine hata limechakaa masikioni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa miaka ya 1990, lilitaja stadi kumi: kufanya maamuzi, kutatua matatizo, kufikiri kwa ubunifu, kufikiri kwa upembuzi, kuwasiliana vema, kuhusiana na wengine, kujitambua, kuvaa viatu vya mwenzako katika uchungu wake, kuzimudu hisia, na kuyakabili mashinikizo ya maisha. Msomaji atakayeitazama orodha hii kwa makini ataona kwamba hakuna hata moja iliyo ngeni kwa bibi aliyetulea. Jambo jipya ni kwamba tunaidai shule iyafundishe kwa makusudi, kwa sababu nyumba nyingi hazina tena bibi wa kuyafundisha, au bibi yupo ila hakuna anayeketi naye jioni.

Serikali yetu imeliona hilo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa rasmi Dodoma tarehe 1 Februari 2025, inasisitiza umahiri badala ya kukusanya maarifa tu. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inazungumzia fikra tunduizi, ubunifu, mawasiliano na ushirikiano. Imefungua mkondo wa amali katika sekondari. Na imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Elimu ya lazima inakusudiwa kuwa ya miaka kumi. Haya ni mambo ya kumshukuru Mungu.

Lakini kumbukumbu ni fadhila, nasi tukumbuke. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitupatia Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule imwandae kijana kuishi na kuitumikia jamii yake, si kuitoroka. Miaka ilipopita, katika shule nyingi kujitegemea kukabaki kuwa jembe na adhabu ya kufyeka nyasi. Mtaala wa mwaka 2005 ulikuwa na somo la Haiba na Michezo, baadaye likaondoka. Ukaja Uraia na Maadili, na watoto wakakariri tafsiri ya neno uwajibikaji huku madawati yakivunjwa darasani. Kila mara wazo lilikuwa zuri. Kila mara mtihani ulilimeza. Kinachopimwa kwa maswali ya kuchagua ndicho kinachofundishwa, na moyo wa mtoto haupimwi kwa maswali ya kuchagua.

Tuliyokwisha kuyaona hapa kwetu

Mkoa wa Kigoma haukuanza jana. Mpango wa kuinua ubora wa elimu ujulikanao kama EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 kwa ufadhili wa Uingereza, uliufikia mkoa wetu pamoja na mingine. Miongoni mwa matunda yake ni vikundi vya wanafunzi wa shule za msingi vilivyoitwa JUU, yaani “Jiamini Uwezo Unao”. Jina hilo lilichaguliwa vema. Kigoma ni mkoa ambao kwa muda mrefu ulitajwa kama mwisho wa reli, na mtoto anayesikia kila siku kwamba anaishi mwisho huanza kujiona yeye mwenyewe ni wa mwisho. Leo programu ya Shule Bora, nayo kwa msaada wa Uingereza, inaendelea katika mikoa tisa, Kigoma ikiwamo. Mashirika ya Umoja wa Mataifa nayo yameweka elimu, hasa ya wasichana, na kukomesha ukatili kuwa sehemu ya Mpango wa Pamoja wa Kigoma tangu mwaka 2017.

Kuna pia mfano unaotoka katika misitu yetu wenyewe. Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960 kuwachunguza sokwe na kufariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025, aliona kwamba msitu hauwezi kupona ikiwa watu wanaouzunguka hawana matumaini. Mwaka 1991, pamoja na wanafunzi kumi na wawili jijini Dar es Salaam, alianzisha vikundi vya Roots & Shoots, ambavyo vimeenea katika nchi nyingi ulimwenguni. Utaratibu wake ni rahisi: wanafunzi wenyewe wanatazama mazingira yao, wanachagua tatizo moja linalowahusu watu, wanyama au mazingira, kisha wanafanya jambo. Hawahubiriwi kwamba wanaweza. Wanapanda mti, mti unaota, nao wanajua kwamba wanaweza.

Napenda tulitafakari hilo, kwa sababu hapa ndipo penye tofauti kati ya programu inayobaki na ile inayoondoka na gari la mradi. Miradi ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha; utoto hauna tarehe ya mfadhili. Kikundi kinachomtegemea mwalimu mmoja aliyepata semina kitakufa siku mwalimu yule atakapohamishwa. Kikundi kinachojulikana na wazazi, na serikali ya kijiji, na katekista, na imamu, kina miguu ya kusimamia.

Makosa mawili ya kuepuka

Kati yetu sisi waamini naona makosa mawili, na kila moja lina watetezi wake.

Kosa la kwanza ni hofu. Wapo wazazi wanaosikia “stadi za maisha” na mara moja kudhani kwamba ni mlango wa nyuma wa kuingiza maadili yasiyo yetu. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Kuna vitabu na semina ambazo humfundisha kijana kwamba mwili ni chombo cha starehe na kwamba kila chaguo ni sawa ilimradi asidhurike. Mzazi ana haki, tena ana wajibu, wa kuuliza mtoto wake anafundishwa nini na nani. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya elimu ya kikristo, Gravissimum Educationis, lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965, linawatambua wazazi kuwa waelimishaji wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Lakini tamko hilo hilo linasema pia kwamba vijana wasaidiwe kukua kimwili, kimaadili na kiakili, na kwamba, kadiri wanavyoongezeka umri, wapewe malezi chanya na yenye busara kuhusu jinsia. Baba Mtakatifu Fransisko alilirudia jambo hilo katika waraka wa Amoris Laetitia mwaka 2016. Basi Mkatoliki anayekataa somo zima kwa sababu ya hofu, naye nyumbani hafundishi chochote, hajamlinda mtoto. Amemwacha afundishwe na simu.

Kosa la pili ni kinyume chake: kulipokea jambo hili kwa shangwe isiyopima. Siku hizi kuna mahubiri ya aina fulani, ndani na nje ya makanisa, yanayosema kwamba ukifikiri chanya utafanikiwa, ukitamka utajiri utaupata, na ukishindwa basi ni kwa sababu hukuamini vya kutosha. Lugha hiyo ikiingia shuleni inakuwa ukatili uliopakwa rangi. Mtoto aliyetembea kilomita nyingi bila uji, akaketi sakafuni katika darasa lenye watoto mia, hawezi kuambiwa apaze sauti “Mimi ni mshindi!” na mambo yakaishia hapo. Akishindwa, atajilaumu mwenyewe kwa njaa ambayo hakuisababisha.

Imani yetu inajua jambo la kina zaidi ya mtazamo chanya, nalo ni matumaini. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi katika sura ya tano, anaonesha ngazi: dhiki huzaa saburi, saburi huzaa uthabiti wa moyo, na uthabiti huo huzaa tumaini. Tazameni kwamba ngazi hiyo haianzi kwa kukana dhiki. Mtazamo chanya ulio wa kweli ni ule wa mama wa mihogo: anakiri kwamba ziwa limefungwa, anakiri kwamba mafuta ni ghali, kisha anachemsha maji.

Funzo lililoniumiza

Niruhusuni niseme jambo linalonihusu mimi binafsi. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyoitumikia, kulikuwa na binti wa kidato cha pili aliyejiandaa kwa Kipaimara. Alizijua sala zote. Vipaji saba vya Roho Mtakatifu alivitaja kwa mpangilio, pamoja na kipaji cha shauri na cha nguvu. Nilimtaja mbele ya wenzake kuwa mfano. Miezi michache baadaye aliacha shule kwa sababu ya ujauzito. Mwanamume mmoja mtu mzima, mwenye mtumbwi na fedha za msimu, alikuwa amemfuata kwa muda mrefu, kwanza kwa samaki wa kupeleka nyumbani, kisha kwa ahadi, kisha kwa vitisho.

Nilipomtembelea nyumbani kwao nilimwuliza, kwa uchungu ambao sasa naona ulikuwa na lawama ndani yake, kwa nini hakumwambia mtu yeyote. Alinijibu kwa upole: “Padre, hakuna aliyewahi kuniuliza.”

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimemwuliza maswali mengi sana. Yote yalikuwa na majibu kitabuni. Nilikuwa nimemfundisha kukitaja kipaji cha shauri, sikumfundisha kwamba anaweza kusema hapana kwa mtu mzima anayemkosea, wala nani wa kumkimbilia akisema hivyo. Sisemi kwamba stadi za maisha zingezuia dhambi ya mwanamume yule. Dhambi ile ni yake, na sheria ya nchi inaijua kwa jina lake la jinai. Nasema kwamba tulimwacha mtoto peke yake, nasi tulikuwa tumemzunguka.

Kwa bahati njema, tangu Novemba 2021 Serikali imefungua mlango kwa wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliojifungua, kurudi katika shule rasmi. Binti yule alirudi. Baadhi ya waamini walinung'unika kwamba kumrudisha ni kuhalalisha ubaya. Niliwajibu kwamba Bwana wetu, baada ya kumwokoa mwanamke katika mikono ya waliotaka kumpiga mawe, alimwambia aende zake na asitende dhambi tena. Hakumwambia aketi pale pale hadi afe.

Shule yenyewe lazima ibadilike

Stadi za maisha haziwezi kufundishwa siku ya Ijumaa na kukanushwa siku ya Jumatatu. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko zinaweka kikomo cha viboko vinne, tena kwa makosa makubwa na kwa idhini ya mkuu wa shule. Sote tunajua yanayotokea katika baadhi ya madarasa. Mtoto anayechapwa kwa kutoa jibu lisilo sahihi anajifunza stadi moja tu, nayo ni kunyamaza. Baadaye, anapofikwa na ubaya wa kweli, anaitumia stadi hiyo hiyo.

Kuna pia suala la lugha. Watoto wetu wengi huanza na Kiha, Kibembe au Kimanyema nyumbani, hujifunza kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hufika kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa msemaji hodari anakuwa bubu kwa mwaka mzima. Tukitaka kumfundisha kujieleza, kutafakari na kushauriana, tumfundishe kwanza kwa lugha ambayo ndani yake anaota ndoto. Vikundi vya stadi za maisha viendeshwe kwa Kiswahili, bila aibu.

Na walimu wenyewe? Hatuwezi kumtaka mwalimu mwenye wanafunzi mia katika chumba kimoja, asiye na nyumba karibu na shule, ampe kila mtoto sikio. Mwalimu anayeheshimiwa ndiye anayeweza kuheshimu. Kabla ya kuwalaumu, tujiulize mara ya mwisho jumuiya yetu iliwatembelea walimu lini.

Urithi wa mwambao huu

Wamisionari wa Afrika walifika Ujiji mwaka 1879, wakati mji huo ulikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Miongoni mwa waliokombolewa utumwani katika miaka ile alikuwa kijana Adrian Atiman, mzaliwa wa Afrika Magharibi. Wamisionari walimsomesha utabibu huko Malta, akafika Karema, kusini mwetu kwenye mwambao huu huu, naye akawatibu watu na kuwafundisha katekesi kwa zaidi ya miaka 60, hadi kifo chake mwaka 1956. Aliyekuwa ameuzwa kama bidhaa alikuja kuwa tabibu wa wote. Hakupewa maneno matupu ya kutia moyo. Alipewa ujuzi, imani, na watu waliomwamini kabla hajajiamini mwenyewe. Hiyo ndiyo programu ya stadi za maisha katika ukamilifu wake.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo manne, yote yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, wazazi waingie shuleni. Ombeni kuona kinachofundishwa, ulizeni, shaurini. Msingoje kikao cha michango.

Pili, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe na utaratibu wa kuwasikiliza watoto. Mara moja kwa mwezi, baada ya kusoma Neno, mtu mzima anayeaminika aulize watoto wiki yao imekuwaje, kisha anyamaze asikilize. Wanawake wa WAWATA wana hekima kubwa ya kazi hii, na wanaume wa UWAKA wasiwaachie peke yao, kwa maana wavulana nao wanahitaji kuona mwanamume mwenye nguvu asiyetumia nguvu.

Tatu, sisi mapadre na makatekista tukipyaishe kipindi cha dini na mafundisho ya sakramenti. Kwa kila swali la kukariri, tuweke swali moja la maisha. Utoto Mtakatifu na TYCS viwe mahali pa kutenda: kupanda miti, kumtembelea mgonjwa, kuweka akiba, kupatanisha waliogombana.

Nne, tushirikiane na ndugu zetu Waislamu. Ujiji ni mji wao na wetu. Uaminifu, heshima kwa wazazi, kujizuia, huruma kwa mnyonge: haya tunayafundisha pande zote mbili. Paroko na imamu wakisimama pamoja mbele ya wanafunzi na kusema kwamba mtu mzima anayemnyemelea mtoto hana pa kujificha, si msikitini wala kanisani, watoto watasikia.

Ziwa lilifunguliwa Agosti ile, na vilio vya injini vikarudi usiku. Binti wa mihogo anaendelea na masomo. Sijui kama hisabati yake imepanda katika karatasi ya mtihani. Najua kwamba mwalimu wake alimpa kazi ya kuandika hesabu za bustani ya shule, na kwamba darasa halicheki tena anapoinua mkono.

Mwinjili Luka, katika sura ya pili, anatukumbusha kwamba hata Bwana wetu alikua pole pole nyumbani Nazareti, kwa hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu. Yusufu na Maria walimpa muda huo. Nasi tuwape watoto wa mwambao huu muda wetu, masikio yetu na mfano wetu, na Mungu atakuza tulichokipanda.